Mapigo ya Mami, Wiki ya Wageni

Wiki ile nyumba yetu ya Ngoingwa haikukalika kwa pilikapilika za furaha. Jumamosi familia ya mchumba wa dada yangu mdogo ilikuwa inakuja kujitambulisha, na dada alikuwa amerudi kutoka Kahawa Wendani ili tusaidiane. Tulifua mapazia, tukaazima viti kanisani, tukabishana kuhusu mchele.

Kwa kawaida Mami, mama yetu, ndiye angetuendesha mbio. Safari hii alimenya viazi viwili, akakaa. Akipanda ngazi, alishika ukuta. "Ni uzee tu," alisema, nasi tukaamini.

Jumanne, tukinywa chai, dada alituonyesha saa yake inayopima mapigo ya moyo. Yeye hukimbia kila asubuhi. Ilisoma arobaini na saba.

"Huu ndio moyo wa mkimbiaji," alijigamba.

Mami naye akanyoosha mkono apimwe. Thelathini na nane.

"Mami, kumbe unanishinda," dada alisema, tukacheka wote. Kisha Mami akainuka kuchukua chupa ya chai, na magoti yakamlegea. Nilimdaka. Uso wake ulikuwa baridi, umelowa jasho.

Tuliita teksi, tukaenda hospitali moja ya Ruiru. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimbandika nyaya kifuani, akasoma karatasi iliyotoka kwenye mashine.

"Shosho, umewahi kuzirai?" alimuuliza Mami, akimwita bibi kwa heshima.

"Kuzirai, hapana. Lakini dunia inanizunguka, na nachoka bure."

Nilimuuliza daktari mbona dada, anayekimbia kila asubuhi, ana mapigo machache na yuko sawa.

"Huyu ni mkimbiaji, na hajisikii vibaya," alijibu. "Moyo wake una nguvu, kila pigo linasukuma damu nyingi. Wengi wetu tukiwa tumetulia, moyo hupiga kati ya sitini na mia kwa dakika. Ukishuka chini ya hapo na mtu ana kizunguzungu, anakosa pumzi, kifua kinauma au anazirai, mlete hospitali. Msingoje." Akamgeukia Mami. "Unatumia dawa gani?"

"Hakuna."

Nikakumbuka. "Na yale matone ya macho?"

Mami akatoa kichupa mkobani. Alikuwa ameanza kuyatumia juzijuzi kwa ajili ya presha ya macho. Daktari alisoma jina la dawa, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Haya ni mazuri kwa macho, lakini yanaweza kuingia kwenye damu na kupunguza mwendo wa moyo."

"Tone dogo hivi?" Mami akauliza.

"Dogo hivyo hivyo. Lakini usiache dawa ya macho kivyako, unaweza kupoteza uwezo wa kuona. Tutakubadilishia."

Alimpigia simu daktari wa macho hapo hapo. Mami akalazwa ili moyo uangaliwe, nasi tukakodolea macho namba kwenye skrini. Arobaini na tatu. Hamsini na moja. Kesho yake mchana ikafika sitini na mbili, na dada akanikumbatia hadi muuguzi akatuomba tupunguze kelele. Mami alikuwa ameketi kitandani, anauliza nani ameachiwa jiko.

Alhamisi aliruhusiwa, akaambiwa asijichoshe. Jumamosi tulimwekea kiti kwenye kivuli, na akakitumia mpaka magari yalipofika getini. Hapo alisimama, akajifunga leso vizuri, akatangulia mbele ya akina mama wote na kuanzisha wimbo wa kuwapokea wageni kwa sauti iliyofika hadi barabarani.