Vyungu Vitatu vya Kondo la Nyuma

Mpaka leo siwezi kuosha chupa mara moja. Hata ya mafuta ya mawese naiosha mara tatu, na wajukuu wangu wanacheka. Mkono ulizoea kule laboratwari ya Uvira, nyuma ya materinite walipozalia wanawake, miaka ile Wabeleji walipoondoka na kutuachia funguo. Ziwa lilikuwa karibu mno, ukimwaga maji ya sabuni unasikia bata wanalalamika. Bata wale walikuwa wa mke wa mlinzi, lakini habari yake ni ndefu.

Mzungu mkubwa alipoondoka, akabaki msaidizi wake, mtu wa Rurambo, mwana wa wachunga ng'ombe. Tulimwita Dokta ingawa bado hakuwa. Dada yake alikufa na mimba yake, amevimba uso na miguu, akitetemeka. Dokta alitaka kuujua ugonjwa ule kabla mama hajavimba. Alitafuta vitu alivyoviita anzimu. Nikamwuliza kama ni wadudu.

"Hapana, mama. Ukiotesha mtama wa pombe, nani anaugeuza uwe mtamu?"

"Mtama wenyewe."

"Basi mule ndani kuna wafanyakazi. Na ndani ya kondo la nyuma wako vilevile. Miye nadhani mimba ikianza kuharibika, wao wanajua mbele yetu."

Shule niliiona mwaka mmoja tu, lakini hilo nililishika, maana pombe naijua.

Shida ilikuwa kulipata hilo kondo. Kwetu linazikwa nyumbani, chini ya mgomba, ili mtoto awe na mahali pake. Likipotea, mtoto atakuwa muntu wa kutangatanga. Wanawake walimkatalia. Mmoja alimwambia akaombe la mama yake. Ndipo nikaenda mimi kitandani kwa kila mzazi, nikaapa: Dokta atakata kipande kama punje ya haragi, linalobaki nitalirudisha mimi mwenyewe, ndani ya chungu. Dokta alibandika vyungu karatasi za majina. Mimi sisomi, kwa hiyo nilifunga kila chungu kwa kamba ya mgomba mbele ya mwenyewe, kila mmoja mafundo ya namna yake, naye akiyaona. Dokta alinicheka: "Mama, iko vijiji vizima umevifunga mu kamba."

Kisha uasi ukafika mjini. Siku ile tulisikia risasi tangu asubuhi, barabara imejaa magodoro na mbuzi. Dokta alikuwa anafunga kwenye baisikeli ile mashine ya kupimia rangi, iliyomwonyesha kazi ya wale wafanyakazi wake, aliyokuwa akiifuta kwa shati lake.

"Dokta, vyungu vitatu viko mu frigo."

"Viache. Watu wanakimbia na watoto, weye unakimbia na kondo?"

"Niliwaapia."

"Nitawaomba radhi nikirudi."

"Utarudi kwa nani? Toka hapa mpaka Sange hakuna mwanamke atakupa hata ukucha."

Aliitazama mashine kama mtu anayetazama ng'ombe wake akipelekwa sokoni. Kisha akaifungua, akaiweka juu ya meza, akaifunika kwa kitambaa. Kaye zake, yale madaftari ya vipimo, akazitia ndani ya shati.

Petroli, yale mafuta ya taa ya frigo, ilikwisha siku mbili nyuma, barafu ilikuwa maji, karatasi zake zimekuwa uji. Yalibaki mafundo yangu. Nilivishika kimoja kimoja, nikajua cha nani.

Tukavifunga vyungu kwenye baisikeli; viwili tuliviacha Runingu kwa wenyewe. Cha tatu kilikuwa cha Sange. Tulimkuta yule mama ameketi mlangoni na mtoto mapajani, mume amebeba godoro kichwani, jasho linamtoka.

"Mwambieni ninyi," mume alisema. "Jirani wote wamevuka mto Ruzizi, huyu amekataa kuondoka bila kondo lake."

Yule mama aliniuliza tu, "Ni langu kweli?"

Nikamwonyesha mafundo yake matatu. Aliyagusa moja moja. Mume akatupa godoro, akachukua jembe. Walipomaliza kufukia, mama alimfunga mtoto mgongoni.

"Na mashine yako ya materinite, Dokta?" mume aliuliza.

"Nimeiacha."

"Pole. Kumbe na wasomi wanatumwa na wanawake."

Dokta alicheka mpaka akashika mgomba. Sikumwona akicheka tena mpaka vita vilipopita.

Baadaye alisoma mbali, akawa profesa, akazeeka bado anawahesabu wale wafanyakazi wake. Jibu lote hakulipata, aliniambia mwenyewe. Lakini mimi nakumbuka zaidi ile asubuhi tuliporudi Uvira. Mashine haikuwepo, na ndani ya sanduku lake kuku alikuwa amelalia mayai. Dokta aliketi kwenye ngazi, kaye mapajani, akasema afadhali arudi Rurambo akachunge.

Tukaona mwanamke anakuja polepole toka barabara ya Sange, tumbo mbele, chungu kipya kichwani. Alikuwa yule mama wa Sange; alikishusha miguuni kwa Dokta. Kilikuwa kimeshafungwa kamba, mafundo matatu.

"Nimekuja mapema, mbele ya kuvimba," alisema. "Iko nani wa kunipima?"

Dokta akasimama, akamwachia nafasi yake. Mimi nikaenda kuosha chupa.