Wifi na Operesheni ya Tumbo

Kiwandani wanamwita Bonge, naye huitika. Mimi ni wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe, na utani wa mawifi naujua sana, lakini jina hilo linaniudhi. Yeye halimuudhi. Tangu kaka azikwe, hakuna kinachomuudhi wala kumfurahisha.

Kazi yake ni kupiga pasi mashati, wima tangu asubuhi, mvuke ukimpiga usoni. Magoti yamevimba, sukari imepanda, na msimamizi ameshatamka kwamba asiyeweza kusimama atafute kwingine. Hospitali wakamtajia operesheni ya kupunguza tumbo. Hapo nikamshikia bango. Kila nikimuuliza ameamua nini, jibu ni lile lile.

"Mkitaka, sawa."

"Sisi tutake? Tumbo letu?"

"Basi, sawa."

Siku ya daktari nilimsindikiza. Daktari hakubembeleza mtu. Alisema operesheni ingeweza kusaidia sukari na magoti, lakini hatari hazikosekani, na angekula kidogo na kumeza vitamini maisha yake yote. "Na sababu ya kula siwezi kuikata," akaongeza. "Jioni unakula kiasi gani?"

"Sahani moja."

Nikacheka, sikujizuia. "Wifi! Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Akanigeukia bila hasira. "Yangu ni moja. Nyingine ni ya kaka yako. Nampakulia kama zamani. Akichelewa naila, nisimwage chakula."

Alisema "akichelewa". Nilitaka kulia, machozi yakagoma. Nilihisi ganzi tu, na nikaona aibu kwa ule mdomo wangu. Daktari akamwambia asiamue leo, aonane kwanza na mshauri nasaha. Tumbo likishapunguzwa, alisema, sahani ya pili haitakuwa na pa kwenda.

Jioni nilibaki kwake. Alipika wali na mboga, akapakua. Sahani moja yake, moja yangu, na ya tatu akaiweka mbele ya kiti cha kaka, kijiko upande wa kushoto, maana kaka alikuwa na shoto. Akala yake taratibu, akamaliza. Akanyoosha mkono kuivuta ile nyingine, mkono ukaishia hewani.

"Kisu sikiogopi," akasema. "Naogopa kumwaga chakula chake."

Yangu nilikuwa sijaigusa. Nikaiacha, nikahamia kiti cha kaka, nikala cha kwake. Chumvi ilizidi, kama alivyopenda yeye. Nilikula mpaka mwisho na wifi ananitazama.

Sahani ilipobaki tupu, aliiangalia kwa muda.

"Hatakuja, eti?"

"Hatakuja, wifi."

"Basi kesho nitajaribu kupakua moja," akasema. "Nikiweza hilo, nitamwambia daktari anoe kisu."