Kikombe cha Kwanza cha Maji ya Mchangani

Mama alinipa onyo tukiwa njiani kwenda mtoni, karai kichwani, bila kugeuza shingo. "Leo wakikuambia uombe, omba. Baba Yetu unaijua. Ulifundishwa hapa hapa Kola."

"Naijua, mwaitu."

"Basi usinitie aibu mbele ya mwethya."

Mwethya ni majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Wa kwetu ulikuwa umejenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wetu, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni barabara ya mchanga tu. Mvua ikija, mto hubeba mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani yake, mbali na jua. Ndivyo tulivyoelezwa. Huu ulikuwa ukame wa kwanza tangu ukuta ukamilike, na siku hiyo tulikuwa tunachimba kuona kama maneno yale yalikuwa ya kweli.

Kikundi kilikuwa na desturi moja kila kilipochimba maji. Anayeyafikia maji ndiye anayeomba, na hakuna anayekunywa kabla ya amina yake. Awe mgeni, awe mwenye kigugumizi, ni yeye. Mama aliogopa jambo hilo lisije likaniangukia. Mimi pia niliogopa, kwa sababu kumdanganya mama akiwa ananitazama ni kazi, na kumwaibisha ni kazi zaidi.

Mimi si mtu wa kanisa. Niliacha shule mapema, nikaacha na kanisa baadaye kidogo, bila kugombana na mtu. Nilitaka kuona vitu. Nimevunja kokoto Katelembo, nimeuza nyanya na betri za tochi Ekalakala, nimelinda kuku wa watu nisiowajua. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa mambo yanavyokwenda, kisha miguu ikaanza kuwasha.

Lakini kuna kitu ninachofanya kila jioni kabla sijavua viatu. Kilianzia Ekalakala. Nilikuwa nimekalia kreti tupu nikinywa chai, nikajiuliza tu sukari ile imetoka wapi. Nikairudisha nyuma: duka, lori, dereva, kiwanda, mkata miwa, mtu aliyemnolea panga, na aliyempikia huyo mnoaji uji asubuhi. Sikufika mwisho. Chai ilipoa, vinyweleo vya mikono vimesimama. Watu wote wale, hakuna hata mmoja anayenijua, na wote walikuwa wamefika kwenye kikombe changu.

Tangu hapo, kila jioni nachukua kitu kimoja cha siku hiyo na kukirudisha nyuma kadiri ninavyoweza. Kila ninayemkuta njiani namwambia asante, kwa sauti ya chini. Hata siku mbaya zina kitu, ila hutafutwa zaidi.

Mama alinikuta nikinong'ona mlangoni akadhani nimerudi kwa Bwana. Nilipomweleza, akauliza, "Sasa hiyo asante unaituma kwa nani?"

"Kwa mkata miwa."

"Mkata miwa hasikii."

Nikavua viatu.

Mtoni tulichimba kwa zamu. Mchanga wa juu ulikuwa wa moto na ulimiminika kurudi shimoni kila tulipoutoa. Chini zaidi ukawa mzito, wa baridi, unaoshikana. Jirani yetu mmoja, fundi wa baiskeli, alichoka akaninyooshea beleshi.

"Shuka, msafiri. Dunia umeimaliza, umebakisha chini tu."

Wanawake wakacheka. Nikashuka. Nilichimba kidogo, kisha beleshi likatoa sauti nyingine, kama mtu anayemeza. Nikalivuta. Pale lilipotoka pakajaa polepole maji ya rangi ya chai, yanapanda bila kusukumwa na yeyote.

Nyuso zilijipanga ukingoni zikitazama chini, na zile nyuso nikaziona tena majini, zinatetemeka.

Mwenyekiti wetu, mwanamke mwenye sauti ya sokoni, akashusha mikono kutoka kiunoni. "Haya. Ni wewe."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika ncha za leso yake kwa mikono miwili. Baba Yetu ilikuwa mdomoni mwangu, nzima. Ningeweza kuisema hata usingizini, na ndiyo sababu haikutoka. Sikuwa usingizini. Sijawahi kuwa macho namna ile.

"Asante mvua," nikasema, "iliyonyesha huko juu vilimani tukiwa tumelala. Asante mchanga, uliokuwa mlima. Asante waliobeba mawe kwa vichwa, na yule aliyebeba akiwa na mimba kubwa. Asante aliyepika muthokoi siku ya saruji. Asante waliokesha hapa kufukuza malori ya wezi wa mchanga."

Nikakwama. Sikujua kitu cha aina hiyo kinafungwaje.

"Hayo ni maombi," mzee mmoja akauliza, "ama ni taarifa ya habari?"

Watu wakacheka kwa pua. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama ukuta.

"Umesahau punda," akasema.

Nikamwangalia.

"Punda wa saruji. Yule aliyevunjika mguu pale kwenye mteremko."

"Kweli, punda," mtu akasema.

"Na mzee aliyetuonyesha mwamba wa kusimamishia ukuta. Hakuishi kuona."

"Na mke wangu," akasema fundi wa baiskeli. "Alifua nguo za saruji mpaka mikono ikachubuka."

"Na wewe ulikuwa unalalamika tu."

"Nililalamika nikibeba."

Wakaendelea. Nilisimama shimoni, maji baridi yakinifika vifundoni, nikiwasikiliza wakitaja walio hai na waliokufa, na waliopita siku moja tu wakasukuma mkokoteni. Tulikuwa kikundi kidogo, lakini sijawahi kuwa mahali penye watu wengi kiasi kile. Maji yalizidi kupanda, yakaanza kutakata.

"Tukienda hivi tutakunywa kesho," mwenyekiti akasema. "Funga, kijana."

"Huyu wangu haombi," mama akasema. Alisema wazi, mbele ya wote, kama mtu anayeeleza kwamba mwanawe hali nyama. "Yeye anakumbuka tu. Nitafunga mimi."

"Desturi ni aliyeyafikia."

"Si ametoka kwangu?"

Mwenyekiti akainamisha kichwa. Mama akafumba macho, akamshukuru Mungu wake kwa maneno machache, akasema amina. Kisha akapiga magoti ukingoni na kuninyooshea kikombe cha bati.

"Chota."

Nikachota, nikampa. Alikaa na maji mdomoni kabla ya kuyameza.

"Yana ladha ya mawe," akasema, akampa mwenyekiti kikombe.