Bustani ya Michezo ya Koko

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiambiwa mvua imekatika, natoa mkono nje kwanza. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja wa Beni, Mwislamu, alipoingia shule yetu ya Jumapili hapa Vulamba, akakaa benchi la nyuma na kucheka kuliko watoto, sikufurahi hata kidogo.

Watoto walikuwa wanatazama vikaragosi vyetu. Vilikuwa vitatu: Koko, bibi wa kijiji cha Masereka mwenye kikapu cha viazi, mbuzi wake mwongo, na dereva wa lori ambaye kila Jumapili anaahidi kufika na hafiki. Nilivishona mimi kwa vitambaa vilivyobaki kwenye kazi yangu ya cherehani. Lakini Koko, kipenzi chao, alikuwa na wenyewe wawili. Mkono ulikuwa wangu, sauti ilikuwa ya jirani yangu, mjane Mwislamu aliyekimbia mauaji ya Beni. Mchungaji wetu alimsikia akiwachekesha watoto kwenye foleni ya maji, akamwomba aje. Sauti ile nzito, yenye kukwaruza kidogo, iliigwa na mtaa mzima. Bila yeye ningebaki na soksi iliyofungwa kitambaa kichwani, na hilo ndilo nililoliogopa kila siku.

Watoto walipotoka, mgeni alitufuata.

"Bamama, niko na kiwanja kule Rughenda. Nataka kufanya parc ya batoto, ya hawa bapupe benu. Basi mufikirie: mutoto akiingia, atacheza nini? Munichoree."

"Na bapupe batabakia na nani?" nikamuuliza, nimevishika vikaragosi vyangu.

"Ah, mama! Hapana ogopa."

Mtu akiniambia nisiogope, ndipo naanza. Labda anatafuta kura. Labda atachukua michoro, kisha atasema Koko alizaliwa kichwani mwake.

Hata hivyo nilichora. Mawazo yalinijia hata nikipiga pasi. Niliona kilima cha Masereka ambacho watoto wanateremka ndani ya kikapu kikubwa, na viazi vya sifongo vinawafuata nyuma. Niliona tumbo la mbuzi lenye vichochoro, na kila kona kichwa cha mbuzi kinakuelekeza vibaya. Jirani yangu ndiye aliyewaza lori: linakwama kwenye tope, watoto hamsini wanasukuma, linanguruma, halitoki. Tulicheka hadi chai ikapoa. Katikati ya yote tuliweka nyumba ya Koko, ambapo mtoto anaingia kupumzika na kusimuliwa hadithi. Jirani yangu nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu ananizidi umri, na alasiri zile alikuwa yaya kweli.

Kisha Ijumaa moja nikamwona akishuka kwenye gari la yule mfanyabiashara, na karatasi zimekunjwa kwapani. Alinisalimu vizuri. Kuhusu gari, kimya.

Naona haya kuandika nilichofikiri. Nilifikiri: wote wawili wa Beni, wote wawili wanasali msikiti mmoja, wamekwisha kupatana. Ataondoka na sauti, mimi nitaachiwa soksi. Siku mbili nilishona mikono ya mashati kinyumenyume kwa hasira, na siku ya tatu nikaenda kwake.

Karatasi zilikuwa wazi juu ya meza. Ilikuwa michoro yangu, niliyomwachia aitunze, lakini mtu alikuwa ameiongezea kwa kalamu nyekundu. Nyuma ya nyumba ya Koko palikuwa na mlango ambao sikuuchora. Tumbo la mbuzi nalo lilikuwa na mlango wa nyuma. Hata ubavu wa lori.

"Yaya, nani ameharibu kazi yangu?"

"Ni miye."

"Na ulienda kwake peke yako, bila kuniambia! Huu mulango wa nyuma ni wa nani? Mutakuwa munapitia hapa weye na yeye, miye nisimame mbele na batoto?"

Sikupunguza sauti. Alinisogezea kiti. Sikukaa.

"Nyumba yetu ya Beni ilikuwa na mulango moja tu, dada," alisema. "Bauaji balisimama palepale."

Nilijua alikuwa mjane. Sikuwahi kumuuliza zaidi, nikidhani huo ndio ustaarabu.

"Nilienda kumwomba asijenge kitu cha batoto chenye mulango moja. Mbele yako ningelia. Lakini hapa banajua miye ni wa kuchekesha."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, mengine nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani. Nilikaa. Yule mfanyabiashara simwamini mpaka leo, na kiwanja chake bado ni majani tu, lakini siku ile hakuwa yeye wa kushukiwa. Nilivuta karatasi ya kilima, ile ambayo alikuwa hajaifikia, nikatafuta mtoto aliyemo ndani ya kikapu angetokea wapi. Sikuona mahali.

Alinipa kalamu nyekundu. Nilichora mlango mdogo, uliopinda. Aliinama kuutazama, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akasema kwa sauti ya Koko:

"Panua, mujukuu wangu. Batoto ni bengi."