Haragi Kwenye Shuka

Mwalimu aliuliza, «Nani hapa ni wa Kasai?» na dada yangu mudogo akainua mukono mbio, akifikiri ni swali la masomo.

Leo harufu ya vumbi linaloungua juu ya balbu ya mashini ya sinema imenirudisha mule, katika sale, ukumbi wa misheni, Likasi. Katanga ilikuwa imejiita inchi ya peke yake, na sisi watu wa Kasai tulikuwa tukiwindwa. Kwenye shuka jeupe sinema ilituonyesha haragi likipasuka, likinyoosha jani polepole kama mutoto anayeamuka.

«Yaya, angalia, iko napumua!» dada alininong'oneza minye mukubwa wake.

Mwalimu akazima mashini. Watu wenye bunduki walisimama mulangoni, naye akauliza lile swali.

Minye nilikalia mukono wangu. Dada walimupeleka.

Mwalimu, weye ndiye uliwaita. Ninakuonaka kanisani. Simama useme: mulimupeleka wapi?