Unyayo wa Mzee

Jumamosi nilikuwa soko la Kariokor, kwenye kibanda cha fundi wa viatu, nikingoja mshipi wangu uongezewe tundu, maana tumbo langu huamua mambo yake bila kunishauri. Akaja mama mmoja kuchukua kiatu cha ngozi cha marehemu babake, alichokuwa amekileta kishonwe ukanda uliokatika. Fundi alikuwa amejituma kupita alivyoagizwa.

"Mama, ile ngozi ya ndani ilikuwa imebonyea vibaya sana. Nimekuwekea mpya, na hiyo ni ya bure."

Mama alitia mkono ndani ya kiatu, akapapasa mahali pa kidole gumba, kisha pa kisigino.

"Hapa ndipo mguu wake ulipokuwa," akasema.

Fundi aliliangalia rundo la mabaki ya ngozi miguuni pake, alikoitupa ile ya zamani. "Pole, mama. Mimi niliona ni kuchakaa tu."

Siku hizi wako wanafalsafa wanaosema tulikosea kuiona maada kama kitu kilichokufa, ati hata jiwe lina chembe ya kuhisi. Nimewasoma na kuwacheka. Pale kibandani sikucheka. Ngozi ile ilikuwa imeishi na mzee hadi ikamjua mguu, na sisi tukaita hiyo kuchakaa.

Fundi alichutama, akawa anamwinulia vipande kimoja kimoja.

"Ni hiki?"

"Hapana."

"Hiki je?"

Mama akatikisa kichwa. Kila kipande kilikuwa na unyayo wa mtu, na wenyewe walishaondoka zamani, wamefurahia viatu vyao vilivyotiwa ngozi mpya.