Siku Mjapani Alipoonja Moshi wa Jikoni Kwangu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa harufu yake kabla ya kitu kingine chochote. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, mwaka wa tatu tangu niolewe huku Mbozi, na nilijiona nimeshajua kila kitu cha kahawa. Usicheke. Juzi wewe mwenyewe ulinipigia simu kutoka Tunduma ukinieleza biashara ya ufuta kwa sauti ileile.

Umesema kesho unakwenda Ndalambo kukusanya ufuta wa wakulima upelekwe Japani, na umepita hapa nikuombee. Nitakuombea. Lakini kwanza kaa, unywe hiyo kahawa ingali ya moto, nikueleze jinsi mimi mama yako nilivyokaribia kuifunga njia ya Japani kabla haijafunguliwa.

Zamani hizo Wajapani tuliwajua kwa pikapu zao tu. Kahawa yetu walikuwa wanainunua walanguzi, wanapanga bei wao, sisi tunaitikia. Ndipo kikundi chetu cha wakulima kikapata habari kwamba kuna mnunuzi wa kutoka Japani anayetaka kahawa ya milimani moja kwa moja kutoka kwa wenye mashamba. Angekuja mwenyewe kuionja. Akiikubali angeichukua yote, na msimu unaofuata angerudi. Mwenyekiti wetu, Mzee Nzunda, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alipotuletea habari hiyo alizungumza mpaka sauti ikamkauka.

Basi tulihangaika msimu ule kama watu wenye harusi. Tulijenga vichanja vya wavu vya kuanikia, tukachuma buni zilizoiva nyekundu peke yake, tukaosha kwa maji safi ya mtoni. Kila nyumba ilikausha ya kwake, kisha ikaipeleka kwenye ghala la kikundi ikachanganywa na ya wenzake.

Mwishoni mvua ikawahi. Kahawa yangu ilikuwa bado kichanjani, mbichi mbichi, inatosha kama gunia moja, na baba yako alikuwa ameshuka Tunduma kutafuta kibarua. Nikaangalia mawingu, nikaangalia kahawa, nikapata akili. Niliibeba yote nikaipandisha darini jikoni, juu ya mafiga, pale tunapoweka mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde na fukusi. Mama yangu alitunza mahindi hivyo, na bibi yangu hivyo hivyo, na hakuna mbegu yao iliyowahi kuharibika. Nikakoka moto siku nne. Kahawa ikakauka vizuri sana, ukiitikisa kiganjani inalia.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipokosea. Nilipoifikisha ghalani nilinusa kitu. Kidogo tu. Nikajiambia ni kitenge changu, kimekaa jikoni siku nne, kitaacha kunuka? Nikaimwaga kwenye rundo la wote, nikachukua koleo nikasaidia kuchanganya. Moyo ulikuwa unajua, mwanangu, lakini nilikuwa na haraka ya kuonekana mchapakazi.

Mgeni akafika na mkalimani wake. Mtu mfupi, mpole, anamwinamia kila anayemsalimia, hata watoto. Wakakaanga kahawa kidogo kutoka kila gunia, wakaisaga, wakapanga vikombe mezani. Akachukua kijiko akaanza kuvuta kahawa mdomoni kwa kelele kubwa. Sisi wanawake tuliangaliana, maana kwetu anayekula kwa kelele namna hiyo huambiwa hakulelewa. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kicheko kiliniishia alipofika kikombe cha tatu. Alisimama. Akarudia. Akaenda cha nne, cha tano, mpaka cha mwisho, kisha akaweka kijiko chini taratibu na kumwambia mkalimani maneno machache.

"Anasema kahawa hii imelimwa vizuri sana," mkalimani akatueleza, "lakini ndani yake kuna moshi wa jikoni. Umeenea kwenye magunia yote. Hawezi kuichukua."

Ulimi wa mtu ambaye hajawahi kuingia nyumbani kwangu ulikuwa umefika mpaka darini.

Mgeni akaenda kupumzika, sisi tukabaki kwenye kikao. Maneno yakaanza kutafuta pa kutua, na hayakuchukua muda. Yalimtua Mama Atupele, mjane aliyekuwa anapika pombe ya kienyeji nyuma ya nyumba yake. Moto wake hauzimiki, wakasema, na kichanja chake kiko hatua chache kutoka kwenye pipa. Mmoja akataka atolewe kwenye kikundi. Wengine wakaunga mkono. Mama Atupele alijitetea mara moja tu, kisha akawa anaangalia mikono yake. Alikuwa na watoto wanne na miche ile ya kahawa, basi.

Nami nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mabega yetu yamegusana. Nikawaza aibu ya ukweni, nikamuwaza baba yako, nikawaza jinsi nilivyocheka. Mzee Nzunda akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho kabla hatujapiga kura ya kumtoa. Sijui nilisimamaje. Najua tu nilijikuta nimesimama, na nikasema ni mimi, niliikausha darini.

Hakuna aliyenitukana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mzee Nzunda akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo.

"Binti yangu, moshi sikulaumu, mvua ilikubana. Nakulaumu kwa kunyamaza. Ungesema siku ile mlangoni, tungeliweka gunia lako pembeni, moja tu, na mengine yote yangepanda meli. Anayenunua kutoka mbali haoni jikoni kwetu. Anachoweza kuona ni kama tunasema kweli."

Kisha akaniamuru niende mwenyewe kwa mgeni nikamweleze. Nilikwenda, Mama Atupele akanisindikiza, ndiyo, yeye huyo huyo. Nilieleza kila kitu, mvua, dari, mahindi ya mbegu. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba aonyeshwe jiko lenyewe. Akaja, akasimama chini ya mashada ya mahindi yaliyoning'inia darini, akainama kama kawaida yake. Akasema atarudi msimu ujao, kwa sababu sasa anajua moshi ulitoka wapi na nani atamwambia ukitokea tena.

Kahawa ya mwaka ule tuliwapa walanguzi kwa bei yao. Iliniuma, na bado inaniuma nikikumbuka.

Msimu uliofuata kikundi kilinipa kazi. Unadhani kazi gani? Mlinzi wa mlango wa ghala. Mzee Nzunda alisema hakuna pua itakayoogopa moshi kama yangu. Hapo ndipo nilipoanza kuchukiwa na kijiji kizima. Nilinusa kila gunia. La mama mkwe wangu nililirudisha kwa sababu lilikuwa na unyevu, akakaa wiki mbili bila kuniita jina. Na siku moja akaja Mzee Nzunda mwenyewe na gunia lake begani, nikalinusa, likawa linanuka dizeli, maana njiani alikuwa amelipakia kwenye trekta. Watu walikuwa wamejaa. Nikamwambia, shikamoo mzee, hili haliingii.

Alisimama pale, mzee wa watu, jasho linamtoka. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akageuka na gunia lake, akirudi nyumbani anamwambia kila anayekutana naye njiani kwamba mwaka huu kahawa inakwenda Japani.

Na ikaenda. Mgeni alirudi na kijiko chake na kelele zake. Safari hii hakuna aliyecheka, hata pumzi tulizibana. Alipomaliza kikombe cha mwisho aliweka kijiko chini. Akaomba amiminiwe kikombe kizima, akakaa kwenye benchi kati ya Mama Atupele na mimi, akainywa yote kama sisi tunavyokunywa. Hapo hatukuhitaji mkalimani. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, nasikia vilifika hadi Vwawa. Lori lilipoondoka na magunia yetu, wanawake tulilisindikiza kwa kuimba mpaka barabara kuu, na mimi mbele yao, nimelia na nimecheka, sioni aibu kukuambia.

Tangu hapo njia haijafungwa. Ada yako ya shule ilipita katika njia hiyo.

Sasa sikiliza ninalokuagiza. Wewe kazi yako Tunduma ni makaratasi ya magari ya Japani yanayovuka kwenda Zambia. Ulinieleza mwenyewe kwamba gari likitoka kule huja na karatasi inayoonyesha kila mkwaruzo na kila mahali palipobonyea, na mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, analilipia kabla hajaligusa, kwa sababu muuzaji ametaja kasoro zake mwenyewe. Basi fanya hivyo kwa ufuta wa Ndalambo. Atakuja mtu kukuambia uongeze mchanga kidogo upate uzito. Atakuja mkulima mwenye gunia lililolowa, naye ni ndugu yako. Lisilofaa lirudishe, kwa heshima. Na likikuponyoka likaingia, sema siku hiyo hiyo, usingoje mtu wa mbali aligundue, akalaumiwa asiyehusika.

Haya, piga magoti nikuwekee mkono. Mungu aliyenipa miguu ya kusimama katika kikao kile akupe na wewe. Akutangulie Ndalambo, akurudishe salama. Mikono yako iwe safi na jina lako lipokelewe bandarini kabla mzigo haujafunguliwa. Na siku lori lako likiondoka, mwanangu, nipigie simu. Nitakuwa mbele ya wanaoimba.